Meza ya Mwisho ya Baharanyi

Ijumaa, saa tatu na nusu ya asubuhi, Inspekta Masika alimkuta Nyiramahirwe ameketi pale pale alipomwacha jana yake: sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekifungua na kukikunja vizuri juu ya mapaja. Kituo kilikuwa na chumba kimoja tu cha kufungia watu, na dirisha lake lilitazama barabarani. Sauti ziliingia kupitia dirisha hilo. Hazikuwa kelele. Yalikuwa maneno ya chini chini ya watu thelathini au arobaini waliosimama ng'ambo ya geti tangu alfajiri, wakimngojea mwanamke huyo mmoja.

Kisa chenyewe mji mzima ulikuwa unakijua, au ulidhani unakijua. Baharanyi, mtu wa Bukavu, karani katika nyumba ya kukodisha magari, alikuwa anaandika kijitabu cha Kifaransa cha kuwaonyesha wageni mahali pa kula vizuri Goma. Wageni hawakukosekana. Tangu waasi waichukue Bunagana na kuteremka hadi Rumangabo, vita vilikuwa vimejaza kambi watu wenye njaa na, kwa mkono huo huo, vikajaza meza za kando ya ziwa watu wa misaada, wa magazeti na wa mikutano ya amani. Baharanyi alizunguka na daftari la shule kutoka sahani hadi sahani. Jumanne saa sita mchana alikula sambaza, wale dagaa wa ziwa, wa kukaanga kwenye kibanda cha Nyiramahirwe, pale Kituku wanaposhukia wavuvi. Saa kumi alianguka barabarani mtaa wa Himbi, jasho likimtiririka na povu likimtoka. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa.

Nyiramahirwe alikuwa mkimbizi. Kijiji chake kilikuwa karibu na Rumangabo, lugha yake Kinyarwanda, na usiku alilala katika kambi ya Kanyaruchinya, chini ya hema la plastiki. Polisi walipopekua kibanda chake waliona chini ya meza kichupa cha dawa ya wadudu, kimebaki nusu. Hapo tena hakuna aliyetaka ushahidi mwingine. Kufika Jumatano watu walikuwa wanasema kwamba waasi wanawatuma wanawake wao mjini kutia sumu vyakula.

Masika alichuchumaa mbele yake akamwuliza tena habari za kichupa. Jibu lilikuwa lile lile: ni dawa ya kunguni, watu wote wa kambini wanayo, aliificha kibandani kwa sababu hemani kuna watoto. Akamwuliza ni wangapi waliokula samaki wa kikaango kile. Wengi, akasema, na yeye mwenyewe akiwemo.

"Na huyo Baharanyi, alikuambia nini?"

Nyiramahirwe aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Siku tatu munaniuliza niliweka nini. Hakuna mutu aliniuliza yeye alisema nini."

"Mimi ninakuuliza."

"Aliuliza sambaza wangu wanakauka vile namna gani, nikamwonyesha. Nikataka kumwongeza, akakataa. Akasema asishibe, kuna meza ingine inamungoja saa tisa."

Masika aliandika maneno hayo kama yalivyo, akamsomea, akampa kalamu. Nyiramahirwe aliandika jina lake lote, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kuketi darasani.

Katika korido Komisari Habarurema alikuwa anamsubiri. Alikuwa mkubwa wa kituo, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye kwa wiki nzima hakuonekana akila wala akicheka. Alimweleza Masika kwamba ofisi ya mashtaka ya jeshi imeomba faili. Wanamtaka mwanamke huyo kama mshirika wa waasi, na gari lao litafika saa nane. Masika alijua maana yake. Akishavuka geti la kambi ya jeshi, katika wiki kama ile, hakuna ambaye angemwuliza Nyiramahirwe tena chochote.

Akamwambia mkubwa wake kwamba kesi haijakomaa. Habarurema alitazama geti, akapunguza sauti.

"Nani atamutetea, Masika? Mimi? Angalia jina yangu, ya Kinyarwanda kama yake. Nikisema neno moja kwa ajili yake, kesho wale watu watakuwa kwa mulango ya nyumba yangu. Leta kitu chenye kinaandikwa. Kama haiko, saa nane ninasaini."

Kwa hiyo Masika alikuwa na saa nne hivi. Akamwita Sikuli, polisi wa makamo aliyekuwa anajua kila kichochoro cha mji na hakupenda maneno mengi, wakapanda pikipiki ya kituo.

Hospitalini daktari Kambere aliyempokea Baharanyi siku ile aliwapokea wamesimama, kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa majeruhi wa vita kutoka Kibati na viti vyote vilikuwa vimechukuliwa na ndugu zao. Alisema mboni za macho ya marehemu zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano, misuli ikimchezacheza, mate hayakatiki. Ni sumu ya wadudu, jamii ile ile ya kichupa cha Kituku. Lakini ndiyo hiyo inayouzwa kila duka la mbegu, na ndiyo wanayopulizia kabichi mji mzima.

Masika alimwuliza inachukua muda gani kumwangusha mtu.

"Ile dawa haingoji," Kambere alisema. "Ikiingia na chakula, ni nusu saa, ni saa moja. Sana-sana mbili. Haiwezi kukaa saa nne kwa tumbo ikimuangalia mutu tu."

"Na tumboni mlikuta nini?"

Daktari alisita. Alisema aliandika kwenye ripoti, karatasi mbili, akaipeleka kituoni Jumatano, na hakuna aliyerudi kumwuliza neno. Kisha akaeleza. Sambaza hakumwona, labda unga unga wa miba. Alichokiona kilikuwa chakula cha muda mfupi, hakijasagika: minofu mikubwa ya samaki mweupe, na juu yake jibini lililoyeyuka, limevutika kama gundi.

Masika, ambaye ripoti hiyo hakuwahi kuiona, aliyaandika maneno yake, akamsainisha, akashukuru. Nje ya hospitali alisimama kando ya pikipiki bila kupanda, na Sikuli akamwacha afikiri. Samaki mkubwa mweupe. Ziwa lao la Kivu linatoa sambaza kwa ndoo, lakini tilapia wa sahani za wageni huja kwa magari kutoka ziwa la pili, lile la Vitshumbi, kupitia Kiwanja na Rutshuru. Na barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Hata mkungu wa ndizi haukupita. Jumanne, basi, aliyekuwa na tilapia mjini alikuwa amemweka kwenye barafu kabla barabara haijafungwa, na lazima awe na jenereta ya kulisha barafu hiyo mchana na usiku. Ongeza jibini la Masisi.

"Jikoni ngapi zinaweza?" alimwuliza Sikuli.

Sikuli alifikiri. "Mbili. Hoteli ile ya karibu na bandari. Na kwa Mirindi."

Kwanza walipita Birere, kwa mjane. Louise, mke wa Baharanyi, alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa matanga, akainuka mara moja alipomwona Masika, kama aliyekuwa anasubiri sababu ya kuinuka. Daftari alikuwa nalo. Hospitali walimrudishia pamoja na viatu. Masika alilifungua dirishani. Baharanyi alikuwa ameandika kwa namba, kila mahali na ukurasa wake, kwa Kifaransa safi chenye maneno ya Kiswahili pale utamu ulipomzidi. Namba kumi na tisa ilikuwa Kituku: kibanda cha buluu, mama wa Rumangabo, sambaza wanaovunjika mdomoni kama biskuti, wageni waende kabla ya saa saba. Baada ya hapo, kurasa tupu.

Lakini daftari lile lilikuwa limeshonwa kwa pini katikati, na Masika alipolikunjua karatasi moja ya mbele ilidondoka sakafuni. Aliiokota. Karatasi za daftari la pini huenda mbili mbili. Ukiichana ya nyuma, dada yake ya mbele hubaki haina kitu cha kuishika. Akahesabu kwa kidole. Iliyochanwa ndiyo iliyofuata Kituku.

Karatasi iliyodondoka ilikuwa namba nne. *Kwa Mirindi. Samaki kwa jibini, hakuna wa kumshinda Goma nzima.* Chini yake, kwa kalamu nyingine, mstari mmoja mfupi: *Kurudi mardi. Kuuliza juu ya mafuta.* Mardi, yaani Jumanne.

Masika alimwuliza Louise kama mumewe aliwahi kumzungumzia mafuta ya kwa Mirindi. Louise alitikisa kichwa. Alisema mume wake alipenda sana pale, lakini mara ya mwisho alirudi nyumbani kimya, akamwambia kwamba chakula kikiwa kitamu hivyo ni vizuri kujua kimetoka wapi. Yeye alidhani ni mzaha. Masika akaiweka karatasi ile kwenye bahasha, akamwandikia Louise hati ya kuichukua, akaaga.

Hotelini karibu na bandari hawakukaa dakika kumi. Jenereta yao ilikuwa imeharibika tangu Jumamosi, na mpishi aliwaonyesha friji lililo wazi, tupu, limepanguswa, na karatasi ya vyakula ambayo samaki wote walikuwa wamepigwa mstari mmoja mwekundu. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Kutoka kaskazini, upande wa Kibati, mizinga ilianza tena, na watu waliokuwa wakipita na magodoro kichwani waliharakisha kidogo bila kugeuka.

Kwa Mirindi palikuwa na bustani iliyoshuka hadi majini, meza chini ya miavuli, na njia ya changarawe iliyopangwa pande zote mbili vyungu vya maua vya rangi ya kijani. Masika aliona kwamba vyungu vyote vilikuwa vya ukubwa mmoja, vya mraba, na si vya udongo. Vilikuwa makopo yaliyokatwa mdomo na kupakwa rangi. Kimoja rangi ilikuwa imebabuka. Aliinama kama anayenusa ua, akasoma herufi nne za buluu chini ya kijani, akaendelea kutembea.

Mirindi alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, shati jeupe, mwenye adabu za mtu anayelisha wakubwa na anajua wakubwa wanakumbuka walipokula. Alimwita Mama Inspekta, akavuta kiti, akaagiza maji ya matunda ambayo Masika hakuyagusa. Meza tatu zilikuwa na watu. Meza moja walikaa maofisa wawili wa jeshi.

Masika alifungua karatasi za mahojiano, akaandika tarehe na saa, akamwomba jina kamili. Mirindi alitabasamu, akalisema. Alimfahamu Baharanyi? Ndiyo, alikuja kiasi cha wiki tatu nyuma, mtu wa heshima, Mungu amlaze pema. Na Jumanne? Jumanne hakumwona. Jumanne jiko lilikuwa halifanyi kazi, kwa kuwa samaki hakuna. Barabara imefungwa, kila mtu anajua. Tangu lini hana tilapia? Mirindi alifikiri, akasema tangu wiki iliyopita, Ijumaa. Hata mmoja kwenye barafu? Hata mmoja. Masika aliandika kila jibu kwa mwandiko mkubwa, akamsomea taratibu, akamwuliza kama kuna cha kusahihisha. Hakuna. Akamgeuzia karatasi, Mirindi akasaini, na Masika akaandika saa pembeni ya saini: sita na dakika ishirini na tano.

Kisha akaomba kunawa mikono.

Mirindi alimwonyesha mlango wa wageni. Masika alishukuru akapita mlango wa pili, ule wa jikoni, na Sikuli akaja kusimama kizingitini nyuma yake kana kwamba anakwepa jua.

Ndani kulikuwa na mpishi mmoja, mwanamke wa Kinande mwenye mikono mipana, anamenya viazi. Aliitwa Kasoki. Masika alimsalimu kwa Kinande, akamwuliza ni wa wapi. Wa upande wa Butembo, akajibu, na kwa Mirindi ana miaka sita. Masika hakuzunguka tena. Ukutani, chini ya meza ya kukatia, yalikuwa yamepangwa makopo ya mafuta ya mraba, mapya, hayajapakwa rangi. Maandishi yalikuwa yote: ni msaada kwa waliokimbia vita, hauuzwi. Haya ndiyo mafuta ambayo kule Kanyaruchinya mama mwenye watoto watano alipimiwa kikombe kimoja kwa mwezi, au akaambiwa bado hayajafika.

Kando ya mlango friji refu la kulala lilikuwa linanguruma. Lilikuwa na kufuli.

"Ufunguo uko na nani, mama?"

Kasoki alitazama mlango, akatazama Sikuli. Aliufungua ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kitenge chake, akalifungua kufuli mwenyewe. Chini ya vipande vya barafu walilala tilapia, wamepangwa kichwa kwa mkia, wengi, macho meupe. Masika aliandika.

"Jumanne saa tisa ulipika mmoja wa hawa, pamoja na jibini."

Kasoki aliokota kiazi kingine.

"Mtu aliyemla amekufa. Mwanamke wa Kituku amefungwa kwa sababu yake. Saa nane jeshi linamchukua."

"Ni ule Munyarwanda," Kasoki alisema, polepole, kama anayejaribu neno.

"Ni mpishi," Masika alisema. "Kama wewe."

Hapo Mirindi akatokea mlangoni. Sikuli hakumpisha, wala hakumzuia kuona. Mirindi aliona friji lililo wazi, akaona karatasi mkononi mwa Masika. Kisha alizungumza, lakini si na polisi.

"Kasoki. Kumbuka watoto yako wanalala kwa nyumba ya nani."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuzima taa. Kasoki alikuwa anaishi na watoto wake wanne katika vyumba viwili nyuma ya bustani, na kila aliyekuwa jikoni pale alijua kwamba siku zile hapakuwa na chumba cha kupanga Goma nzima. Hata madarasa yalikuwa yamejaa watu waliokimbia. Masika alijua pia kwamba bila mwanamke huyu alikuwa na samaki kwenye barafu na uongo uliosainiwa. Vilitosha kumtia Mirindi aibu. Kumtoa Nyiramahirwe, labda; labda visingetosha. Aliona kidole chake mwenyewe kinaikunja pembe ya karatasi, akakiacha.

Mzinga mmoja ulilia karibu kuliko mingine, na vifuniko vya sufuria vikatetema kwenye rafu. Kasoki aliweka kisu chini. Aliifuta mikono, kwanza viganja, halafu vidole kimoja kimoja.

"Ile sahani alibeba yeye mwenyewe," alisema.

Mirindi akaanza neno. Masika aliinua mkono, na Sikuli akasogea hatua moja.

Kasoki alieleza akiwa amewageuzia mgongo wote watatu, akiitazama sufuria. Ule papa, yaani Baharanyi, alikuja saa tisa, hakuna wateja wengine. Kabla ya kula aliingia jikoni, akamsalimu, akamsifia mkono wake, kisha akauliza mafuta haya wanayanunua wapi. Yeye hakuona ubaya. Alimwambia ukweli, kwamba yanakuja na gari kutoka depo, ghala la msaada wa wakimbizi, kila siku kumi na tano. Ule papa aliandika. Akasema ataliandika na hilo kwenye kitabu chake, ili wazungu wajue wanachokula. Mirindi alikuwa amesimama pale pale aliposimama sasa.

"Miaka sita sijamuona akibeba sahani. Siku ile alisema, leta, nitamupelekea mimi. Akapita huku nyuma kwanza, kwa kibanda ya dawa ya kabichi. Sahani iliporudi, nikaiosha. Ilinuka ile dawa. Nilinawa mikono mara tatu. Nikajiambia ni pua yangu tu."

"Na karatasi aliyoandikia?"

"Huyu Mirindi aliiangalia daftari wakati ule papa alienda kunawa. Nikaona moshi kwa makala ya jiko. Kile alichoma sijui."

Masika aliandika mpaka mwisho, akamsomea. Kasoki hakujua kuandika jina lake, kwa hiyo Masika alimpaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba na kukikandamiza chini ya karatasi. Sikuli alitoka akarudi na kichupa kutoka kibanda cha bustanini, amekishika na jani la ndizi. Kilikuwa ndugu wa kile cha Kituku, rangi moja, duka moja huenda.

Mirindi sasa alikuwa anazungumza kwa haraka. Alisema maofisa wawili wako bustanini, rafiki zake, atawaita. Masika akamwambia awaite. Akasema pia kwamba akishawaita, atawasomea hapo hapo mezani kilichoandikwa kwenye makopo, na kuwauliza kama kuna mwenye askari wake, au mama yake, aliyekimbia na kulala Kanyaruchinya. Mirindi alitazama bustani. Hakuita mtu.

Walimpeleka kwa gari lake mwenyewe, Sikuli akiendesha. Kasoki alikaa mbele, watoto wake wanne wamebanana nyuma penye mizigo pamoja na mabunda mawili na sufuria moja, kwa sababu alikataa kuwaacha hata kwa saa moja. Masika alikaa kati ya Mirindi na mlango. Jina la dereva wa lile gari la depo alikuwa amelipata kwa Kasoki. Jina la aliyekuwa anafungua depo, bado. Hiyo ingekuwa kazi ya kesho, kama kesho mji ungekuwa na polisi.

Saa nane kasoro dakika kumi Habarurema alisoma karatasi zote akiwa amesimama: maneno ya daktari, karatasi iliyodondoka, saini ya Mirindi, kidole cha Kasoki. Alizisoma mara mbili. Barua ya jeshi ilikuwa mezani, imeandikwa tayari, inasubiri mkono wake tu. Aliichukua akaikunja nne, akaitia mfukoni mwa koti, akaketi kwenye kiti chake kama mtu aliyekatwa kamba.

"Chumba ni kimoja," alisema. "Ili ule aingie, huyu atoke. Gari ya jeshi ikifika, mimi nitawajibu."

Nyiramahirwe alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakulia wala hakumshukuru mtu. Aliuliza tu kama yule papa alikuwa na watoto. Masika alimwambia watatu. Akatikisa kichwa, akajifunga kitambaa chake taratibu bila kioo.

Habarurema alimwonyesha mlango wa nyuma, unaotokea kwenye uwanja wa magari yaliyokufa. Alimweleza kwamba watu wa getini hawajui kusoma faili. Kwa leo ni afadhali apite huko, atapelekwa na polisi hadi Kanyaruchinya.

"Niliingizwa kwa mulango ya mbele, kila mutu akiona," Nyiramahirwe alisema. "Nikitokea nyuma, nitakuwa ndiye niliyeua mpaka siku ya kufa kwangu."

Komisari alimtazama Masika. Masika alichukua kofia yake.

Geti lilipofunguliwa, maneno ya chini chini yalikoma. Masika alitoka kwanza, akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba aliyempa Baharanyi sumu amejulikana na yuko ndani, na ushahidi umesainiwa. Akasema kwamba mama huyu alimuuzia samaki, basi. Walio nyuma walianza kuulizana. Wawili watatu waliondoka. Wengine walibaki, na mbele yao wote, katikati ya njia, mwanamume wa koti la kijani, ndevu za siku nyingi, mikono yote miwili ameificha mgongoni.

Nyiramahirwe alitembea mpaka kwake. Hakukuwa na njia nyingine. Masika alikuwa pembeni yake, bega kwa bega, mkono wake karibu na mkanda lakini haugusi. Walisimama karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtu yule.

"*Mwiriwe*, papa," Nyiramahirwe alimsalimu, kwa Kinyarwanda chake, wazi, kila mtu akasikia.

Mtu yule alimtazama usoni. Alimtazama Masika, akamrudia mwanamke. Kule Kibati palikuwa pamenyamaza.

"Pita, mama," alisema mwishowe, akageuza bega.

Wakapita. Nyuma yao Masika alisikia kitu kizito kikiwekwa chini, taratibu, juu ya changarawe.